Nani Alikufanyia Kazi Hii?

Fundi bomba akiingia nyumbani kwako, kabla hajafungua mkoba wake wa spana, atalitazama bomba lililopo, atasonya, halafu atauliza: "Nani alikufanyia kazi hii?" Fundi umeme naye atauliza hivyohivyo. Fundi magari ndiyo usiseme. Fundi wa pili humcheka fundi wa kwanza, na mwenye nyumba huwalipa wote wawili.

Waandishi wa programu za kompyuta ni mafundi, na wao pia husonya. Ila wao wana chombo cha kulijibu swali hilo. Git, programu iliyoanza mwaka 2005 na ambayo leo ndiyo daftari la miradi mingi ya programu duniani, ina amri iitwayo blame, yaani lawama. Ukiielekeza kwenye faili, kila mstari hujitokeza na jina la aliyeuandika na tarehe aliyouandika. Basi mtu yuko macho saa nane za usiku, anamlaani mjinga aliyeandika uchafu ule, anapiga amri apate kumjua, na jina linalotokea ni lake mwenyewe, la miaka minne iliyopita. Subversion, chombo kilichotangulia Git, kilikuwa na adabu zaidi: amri hiyohiyo ungeweza kuiita praise, yaani sifa. Sijawahi kukutana na aliyeiita hivyo.

Hapo ndipo kicheko kinapoanza. Si kila taaluma inacho. Daktari wa upasuaji hasimulii mezani, huku akishika mbavu, jinsi alivyoshona vibaya mwaka 2010. Wakili hasomi kwa sauti hati yake ya kwanza ili wenzake wacheke. Waandishi wa programu hufanya hivyo kila wapatapo nafasi, na wakubwa wa fani ndio wanaotangulia. Kwa nini wao? Na kicheko hicho kinasaidia kitu, au ni njia tu ya kujitoa lawamani?

Nianze na changu, nisije nikawa nyani asiyeona kundule.

Miaka kama kumi na mitano iliyopita nilikiandikia chama kimoja cha kuweka na kukopa, hapa Dar es Salaam, programu ya kutunza wanachama na michango yao. Siku ya kuizindua ilikwenda vizuri, kwa sababu tuliingiza majina ya viongozi peke yao. Jumatatu yake karani akapiga simu: programu inamkataa mama mmoja. Kila akiandika taarifa zake na kubonyeza kitufe cha kuhifadhi, kunatokea maneno mekundu ya Kiingereza. Nilimuuliza kila kitu kuhusu mama yule, umri, namba ya simu, mrithi wake, kabla sijauliza anakaa wapi. Alikuwa anakaa Chang'ombe.

Tatizo lilikuwa ritifaa. Hifadhidata nyingi huagizwa kwa lugha iitwayo SQL, na katika lugha hiyo neno la kuhifadhiwa hufungwa, mwanzo na mwisho, kwa alama ileile tunayoandikia ng'. Karani alipoandika Chang'ombe, programu yangu iliipeleka kama ilivyo. Hifadhidata ikasoma "Chang", ikakuta alama, ikadhani neno limekwisha, kisha ikakutana na "ombe" limesimama nje ya mlango na halieleweki ni amri gani. Ikagoma. Ugonjwa huo unajulikana siku nyingi na dawa yake ni rahisi. Tena mlango huohuo ndio wezi hupitia: mtu akiandika, baada ya ritifaa, amri nzima ya kufuta data, programu ya kizembe itaitekeleza. Mimi sikuijua dawa wala sikuwajua wezi. Nilimwambia karani asiandike ritifaa. Baadaye nikaona haya, nikaandika mistari sita ya kuiondoa kila inapotokea. Kwa amri yangu, Chang'ombe ikawa Changombe, akina Ng'wandu wa Usukumani wakawa Ngwandu, na Ng'ang'a mmoja aliyehamia Temeke akitokea Kenya akapoteza mbili kwa mpigo.

Nimekisimulia kisa hiki mara nyingi na watu hucheka. Kinachonichekesha mimi si SQL. Ni kwamba mtu aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba ng'oa si ngoa alikaa chini, akawaandikia watu wa Temeke programu, na kila alipojaribu kama inafanya kazi aliandika jina John.

Kiswahili kina maneno mengi ya kicheko na hayalingani uzito. Mzaha ni wa kupitisha muda. Dhihaka na kejeli hutafuta kuumiza. Utani ni kitu kingine, una mkataba ndani yake. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, babu na mjukuu ni watani, na mashabiki wa Simba na Yanga huitana watani wa jadi hata wiki ambayo hawataki kuonana. Mtani anaruhusiwa kusema lile ambalo ndugu wa damu hathubutu kulisema, na anayesemwa haruhusiwi kununa. Msibani anaweza kuigiza marehemu alivyokuwa akitembea, alivyokuwa akificha nyama mgeni akibisha hodi, na waombolezaji wakacheka machozi hayajakauka. Lakini katika jamii nyingi mtani huyohuyo ndiye anayeshika jembe makaburini na kuhangaika na maji na kuni. Jembe ndilo linalompa ruhusa ya kucheka.

Naona mwandishi wa programu anayecheka kazi yake ya zamani yuko kwenye utani wa aina hiyo, na anayetaniwa ni mtu wa ukoo wake: yeye wa wakati ule. Mkataba una masharti yaleyale. Tukiyashika, visa vingi vya fani hii hujipanga vyenyewe, vile vya kucheka na vile ambavyo kuvicheka ni fedheha.

Kicheko hiki kina umri wa kazi yenyewe. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha nondo: tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II ya Harvard walimkuta nondo amenasa ndani ya mashine, wakambandika kwenye daftari la kazi na kuandika kwamba safari hii mdudu halisi amepatikana, maana mafundi walikwisha kuita hitilafu "mdudu" tangu enzi za Edison. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian. Ni kisa kizuri ila hakitufikishi mbali, kwa kuwa mkosaji pale alikuwa nondo. Kumcheka nondo hakugharimu kitu.

Chenye uzito zaidi ni cha Maurice Wilkes wa Cambridge. Kompyuta aliyoiongoza kuijenga, EDSAC, ilianza kufanya kazi Mei 1949. Wiki chache baadaye, akiwa kwenye ngazi kati ya chumba cha mashine na mahali pa kutobolea tepu, alitambua ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itakwisha akitafuta makosa katika programu alizoziandika mwenyewe. Aliyaeleza hayo katika kumbukumbu zake alizochapisha 1985. Tepu ya programu yake mojawapo ya mwanzo ilisalia. Mwanahistoria Martin Campbell-Kelly aliichunguza na kuandika juu yake 1992: mistari 126, makosa yapatayo 20. Hesabu mwenyewe. Ni kosa moja karibu kila baada ya mistari sita, na mwandishi ndiye aliyeijenga mashine.

Hapa kuna sehemu ya jibu la kwa nini wao na si mawakili. Mashine haijui cheo. Inamkatalia profesa kama inavyomkatalia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, papo hapo, mara hamsini kwa siku, na haipunguzi ukali kwa kuwa umechoka. Aibu inayokuja mara hamsini kwa siku huchakaa. Anayeshindwa kuizoea huacha kazi, na wanaobaki ni wale waliokwisha kujifunza kujicheka. Lipo na jingine: maandishi hayabadiliki. Kumbukumbu ya mtu humlinda, humwambia kwamba hata wakati ule alikuwa na busara zake. Faili la mwaka 2009 halina huruma hiyo. Ni kama kukutana na barua uliyomwandikia mchumba ukiwa kidato cha pili, na barua yenyewe bado inatumika kulipia watu mishahara.

Maneno hayo ya mwisho si utani mtupu. Msimbo mbaya ambao haukupata watumiaji hauchekwi na mtu, kwa sababu hakuna anayeufungua. Unaochekwa ni ule uliofanya kazi. Ken Thompson, aliyeanzisha mfumo endeshi wa Unix pamoja na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, aliwahi kuulizwa angebadilisha nini kama angeuandika mfumo huo upya. Akajibu kwamba angeliandika neno creat kwa herufi yake ya mwisho. Amri ya kuunda faili ilistahili kuitwa create. Yeye aliiacha bila e, na zaidi ya miaka hamsini baadaye jina hilo lililokatwa mkia bado limo katika mifumo yote iliyozaliwa na Unix. Stuart Feldman, wa Bell vilevile, aliandika programu iitwayo make mwaka 1976 na kuweka sharti kwamba mistari fulani lazima ianze kwa kitufe cha tab, si kwa nafasi za kawaida, ingawa jicho haliwezi kuzitofautisha. Wiki chache baadaye aliona kwamba ni kero. Lakini alikwisha kuwa na watumiaji kama kumi na wawili, wengi wao rafiki zake, akaona vibaya kuwavurugia kazi. Kwa kuwaonea haya watu kumi na wawili, mamilioni waliokuja baada yao wamepoteza jioni zao wakitafuta kosa lisiloonekana kwa macho.

Nikipenda kimoja kati ya hivi, ni Referer. Kwa kawaida unapobofya kiungo kwenye intaneti, kivinjari chako huiambia seva mpya umetokea wapi, na sehemu inayobeba habari hiyo ina jina lililoandikwa vibaya: neno la Kiingereza lingetaka r mbili katikati. Kosa lilipita, likaingia kwenye waraka rasmi wa 1996, na lilipogunduliwa seva za dunia zilikwisha kulizoea. Halikusahihishwa. Miaka mingi baadaye ilipohitajika kanuni mpya kuhusu habari hiyohiyo, waandishi wa kanuni wakatumia tahajia sahihi. Kwa hiyo sasa yapo yote mawili, kosa na sahihisho lake, na anayejifunza kazi leo lazima akariri ni wapi pa kukosea. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa mfumo wa tovuti, naye alikiri mwaka 2009 kwamba mikwaju miwili inayoanza kila anwani ya tovuti haikuwa na ulazima.

Kicheko cha wakubwa hawa ni cha kweli, ila tusidanganyane, kina majivuno ndani yake. Thompson anaweza kujicheka kwa herufi moja kwa sababu herufi zilizobaki zimeendesha dunia. Ni tajiri anayesimulia jinsi alivyokuwa akitembea bila viatu. Ukimsikia kijana wa miezi mitatu kazini akicheka hivyo mbele ya bosi wake, ujue ama ana roho ngumu, ama ofisi yake ni ya pekee.

Kuna pia makosa ambayo yalikuwa maarifa siku yalipoandikwa. Mwaka 1998, dunia ikihangaika na tatizo la mwaka 2000, Alan Greenspan, mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani, aliwaambia maseneta kwamba yeye ni mmoja wa wakosaji: miaka ya 1960 na 1970 aliandika programu zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, na alijivunia kuokoa nafasi. Alikuwa na haki ya kujivunia. Nafasi ya kuhifadhi data ilikuwa ghali mno, na kuiacha ile 19 ilikuwa kazi ya fundi mzuri. Kosa lake, kama ni kosa, ni kwamba programu iliishi muda mrefu kuliko alivyotegemea. Tunapocheka kazi za aina hiyo huwa tunaucheka umaskini wa zamani kwa mfuko wa leo, na hapo mtani anatakiwa apunguze sauti.

Dennis Ritchie alishughulikia jambo kama hili vizuri kuliko wengi. Katika toleo la sita la Unix, la 1975, kuna mahali pagumu ambapo mashine huhama kutoka kazi moja kwenda nyingine, na pembeni yake pameandikwa maneno ya kumwambia msomaji kwamba hatarajiwi kuelewa. Watu waliyachukulia kama jeuri ya wenye akili. Ritchie alikuja kueleza kwamba nia ilikuwa ya upole, kama mwalimu anayesema hili halitatoka kwenye mtihani, na kwamba shida yenyewe ni kuwa hata wao hawakuwa wanaelewa vizuri kinachotokea pale. Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Safari hii mwosha alisema.

Aliyekipa kicheko hiki utaratibu ni Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford. Mwaka 1978 alipoanza kuijaribu TeX, programu yake ya kupanga vitabu vya hisabati, alifungua orodha na kuandika humo kila kosa alilolikuta, moja baada ya jingine. Hakuacha hata la kijinga. Mwaka 1989 aliichapisha orodha yote, makosa zaidi ya 800, pamoja na makala ya kuyachambua. Aliyagawa katika mafungu 15, kila fungu na herufi yake. Lipo fungu la njia ya hesabu iliyokosewa tangu mwanzo, lipo la kusahau kuandika jambo alilokusudia, lipo la vidole kuteleza, lipo la hali zisizotazamiwa zilizomlazimisha kubadili mawazo. Linalonivutia ni lile la mambo aliyoyajua kabisa, akakusudia kuyaandika sawasawa, na mkono ukaandika kinyume. Nani kati yetu angefungua fungu la aibu hiyo na kulihesabu?

Kisha akatoa fedha. Anayegundua kosa katika vitabu vyake hulipwa dola 2.56, yaani senti 256, namba ambayo kila mtu wa kompyuta huitambua. Kwa TeX, zawadi iliongezeka maradufu mwaka hadi mwaka mpaka ikafika dola 327.68. Hundi zake wengi hawakuzipeleka benki. Walizitia kwenye fremu na kuzitundika ukutani. Mwaka 2008 udanganyifu wa kibenki ulimfanya aache hundi halisi, na tangu hapo hutoa vyeti vya benki ya kubuni ya nchi ya kubuni, na watu bado wanavitundika. Matoleo ya TeX yenyewe yana namba zinazoikaribia pai, tarakimu moja baada ya nyingine, na ameagiza kwamba siku akifa toleo la mwisho liitwe pai, na makosa yatakayokuwa yamebaki yaitwe sifa za programu. Huu ndio utani kamili: kicheko kipo, na jembe, na hata maagizo ya mazishi.

Knuth alikuwa peke yake na daftari lake. Gerald Weinberg, katika kitabu chake cha 1971 kuhusu saikolojia ya waandishi wa programu, alitazama linalotokea watu wakiwa wengi. Anasimulia juu ya mtu aliyempa mwenzake kipande cha programu akikague, na mwenzake akakuta makosa 17 katika sentensi 13. Mwenye kazi hakununa wala hakujitetea. Alizunguka ofisini siku nzima akimsimulia kila mtu kwamba ameweka rekodi. Weinberg alikuwa akijenga hoja kwamba programu isihesabiwe kuwa sehemu ya mwili wa aliyeiandika. Ikiguswa, asiumie yeye. Wazo hilo limefanyiwa semina nyingi zenye kuchosha. Lakini angalia alichofanya yule bwana: aliwahi kujicheka kabla hajachekwa, na kwa kufanya hivyo akamwondolea mkaguzi hofu ya kuendelea kukagua. Ukinuna leo, kesho mwenzako ataliona kosa la 18 na kulimeza.

Mpaka hapa hakuna aliyeumia. Mwaka 2011, programu ndogo iitwayo Bumblebee, ya kuwasaidia wenye kompyuta za Linux kutawala kadi za picha, ilikuwa na amri ya kufuta folda moja ndani kabisa ya mfumo. Mwandishi aliacha nafasi moja ya ziada katikati ya njia ya folda, baada ya neno usr. Kompyuta ikasoma folda mbili badala ya moja, na ya kwanza ilikuwa usr nzima, inakokaa karibu kila programu ya mashine. Walioisakinisha walishuhudia kompyuta ikijila. Mwandishi alirekebisha haraka na kuomba radhi, akiliita kosa kubwa mno, na watu walicheka kwa siku nyingi, wengine wakiwa wamekwisha kupoteza mashine zao. Tarehe 31 Januari 2017 ilikuwa zamu ya kampuni ya GitLab: mhandisi aliyechoka, usiku, alifuta hifadhidata akidhani yuko kwenye seva ya akiba, kumbe yuko kwenye ile inayotumika. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili. Kati ya gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki kama 4.5. Njia tano za kuweka nakala za akiba zilikaguliwa na hazikufaa, na mwishowe waliokolewa na nakala ambayo mtu alikuwa ameichukua saa sita kabla. Kampuni ilifanya jambo geni: ilionyesha kazi ya uokoaji moja kwa moja kwa video, ikachapisha maelezo yote, na haikumtupa mhandisi wake kwa mbwa.

Etsy, kampuni ya Marekani ya kuuza bidhaa za mikono mtandaoni, ilikuwa na sweta yenye mikono mitatu ambayo kila mwaka ilikabidhiwa mhandisi aliyesababisha ajali ya kushangaza kuliko zote. Mwaka 2012 John Allspaw, aliyekuwa akiongoza wahandisi hapo, alieleza kwa maandishi sababu ya kuchunguza ajali bila kutafuta wa kuadhibiwa: mtu anayeogopa adhabu hatakwambia alichokiona. Sweta ilisema jambo hilohilo bila maandishi.

Kisa cha mwisho kinatoka Uingereza na hakichekeshi. Horizon ulikuwa mfumo wa mahesabu uliotengenezwa na ICL, kampuni iliyokuwa chini ya Fujitsu, ukafungwa katika maelfu ya vituo vya posta kuanzia 1999. Mara kwa mara mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wasimamizi wa vituo, wengi wao wenye maduka madogo, walidaiwa fidia na kushtakiwa kwa wizi. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, na wapo waliojiua. Wengi wameeleza kwamba walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilikubali kwamba dosari za mfumo ziliweza kuleta mapengo yale. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hatia za watu 39 kwa siku moja. Mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta mamia ya nyingine.

Katika nyaraka zilizofikishwa mbele ya uchunguzi wa umma imo ripoti ya ndani, iliyotokana na ukaguzi wa 1998, yenye kipande cha msimbo kilichozungushwa duniani. Kazi yake ni kugeuza alama ya namba, chanya iwe hasi na hasi iwe chanya. Mwanafunzi wa sekondari angeweka alama ya kutoa mbele ya namba akamaliza. Mwandishi yule aliuliza kwanza kama namba ni hasi. Kama ni hasi, aliondoa alama. Kama ni chanya, aliizidisha kwa mbili, kisha akaitoa jumla hiyo kwenye namba ya mwanzo: tano kutoa kumi, hasi tano. Waandishi wa programu walicheka sana. Mimi pia nilicheka, halafu nikajirudi.

Kipande kile kinatoa jibu sahihi. Ni kibaya kutazama na kinaonyesha kwamba aliyekiandika hakuwa ameiva, lakini hakikumwibia mtu hata senti. Dosari zilizoumiza watu zilikuwa kwingine na hazikuwa na sura ya kuchekesha. Mwaka 2015, katika kituo cha Dalmellington, Scotland, skrini iliganda msimamizi akiwa anahamisha pauni 8,000. Kila alipobonyeza tena, mfumo uliandika uhamisho mwingine bila kumwonyesha, na hesabu ikasoma 32,000. Fundi wa pili huliona bomba lililopinda, halioni linalovuja ndani ya ukuta. Na walioandika ripoti ile ya ndani waliona na walisema, ila sehemu iliyolalamikiwa haikuandikwa upya. Kicheko kilikuja zaidi ya miaka ishirini baadaye, kwa watu wa nje wasiokuwa na jembe. Ofisini kwenyewe hakuna aliyethubutu kuzunguka akisema jamani, njooni muone nilichokiandika.

Nikisoma habari za Horizon huwa nakumbuka madirisha ya ofisi zetu. Umepanga foleni tangu saa mbili asubuhi, umefika, na sauti nyuma ya kioo inasema, "Mtandao unasumbua, rudi kesho." Mtandao wetu umebebeshwa dhambi nyingi. Umeme ukikatika, ni mtandao. Karani akisahau nywila, ni mtandao. Programu ikikosea hesabu kwa sababu fulani aliandika saa bila kukumbuka kwamba seva iko saa tatu nyuma yetu, na mauzo ya usiku yakahesabiwa kuwa ya jana, huo nao ni mtandao. Ni yule nondo wa Harvard, ila huyu hafi. Sikatai kwamba mtandao husumbua. Nasema neno hilo limewaondolea waandishi wetu wa programu nafasi ya kuonekana wamekosea, na asiyeonekana amekosea hana cha kucheka wala cha kurekebisha. Vijana niliofanya nao kazi huwa na visa vitamu kweli, ila husimulia nje, wakiwa na kahawa mkononi, baada ya kutazama nani yuko karibu. Mkataba wa miezi sita hauruhusu sweta ya mikono mitatu.

Mwaka huu nilipigiwa simu na namba nisiyoijua.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Alikuwa kijana aliyeajiriwa kuitunza ile programu ya chama. Sikujua kwamba bado iko hai. Alitaka kujua mambo mawili. La kwanza, kuna mahali nimeandika USIGUSE HAPA kwa herufi kubwa; je, akigusa itakuwaje? Nikanyamaza. Sikumbuki. Nilijaribu kusema jambo la kitaalamu, akanisubiri kwa heshima nikamaliza, kisha nikamwambia ukweli.

La pili lilikuwa ile mistari sita. Ameiondoa, akaweka dawa yenyewe, na sasa Chang'ombe inaingia bila shida. Lakini majina ya nyuma afanyeje? Nilifikiri ataandika amri ya kuzirudisha ritifaa, halafu nikagundua kabla hajaniambia kwamba haiwezekani. Sikuzihifadhi mahali. Ukikuta Ngwandu unaweza kubahatisha, lakini majina mengine yapo kwa namna zote mbili, kwa ng na kwa ng', na hakuna kompyuta inayoweza kujua mwenye nalo hulitamkaje nyumbani kwake. Inabidi kuulizwa mtu mmojammoja. Yeye alikuwa peke yake, na ana kazi nyingine tano.

Nikamwomba anitumie orodha. Jumamosi nilikaa barazani na simu, nikaanza na wale waliojiunga zamani zaidi. Wa kwanza alipokea mama mtu mzima. Nilimwamkia, nikajitambulisha kwamba natoka chama cha kuweka na kukopa, si tapeli, sitaki namba ya siri. Nauliza tu jina lake la ukoo lina ng ya kawaida au ile yenye mkato juu.

Alicheka kwanza, akamwita mtu wa ndani aje asikilize. Halafu akasema, "Mwanangu, miaka yote hiyo stakabadhi zenu zinaniita mtu mwingine, leo ndiyo unauliza?"